Baraza la Liwali, Meza ya Residenti na Majembe ya Minago

Tangu serikali ya Wadachi ilipofunga masanduku yake na kuondoka katika nchi hii, makarani vijana waliobaki hapa Rumonge hunijia baada ya sala ya alasiri na kuniuliza swali moja kwa namna nyingi. Wanataka kujua, katika ofisi mbili nilizozitumikia, ile ya Liwali hapa kandokando ya ziwa na ile ya Bwana Residenti kule Usumbura na baadaye Gitega, ni ipi iliyokuwa na nguvu zaidi, na ni ipi ambayo mtu mwenye akili angeitamani. Hawaulizi kwa kupenda elimu. Wamesikia kwamba Wabelgiji nao watahitaji makarani, na kila mmoja anataka kujua mapema aegeshe mkeka wake karibu na mlango upi. Siwalaumu. Wengine hustaafu kazi. Mimi kazi ndiyo iliyostaafu, ikaniacha nimeshika kalamu. Kwa kuwa wino ungalipo, nitajibu kwa maandishi.

Kwanza niweke wazi maana. Liwali alikuwa mkubwa wa Waislamu na wageni wote wa mji: wachuuzi, mafundi, wavuvi, na kila aliyetoka ng'ambo ya ziwa akatua hapa. Aliwaamua, akawaozesha na kuwazika, na akawasemea mbele ya serikali. Residenti alikuwa Mdachi mmoja aliyewekwa juu ya nchi nzima ya Urundi, akikaa kando ya Mwami, mfalme wa Warundi, na kutoa amri zilizopanda milima yote. Mmoja mamlaka yake yaliishia michikichi inapoishia. Wa pili sikuwahi kuuona mpaka wake.

Nilianza kwa Liwali. Nilikuja kutoka Ujiji kwa mtumbwi, nina sanduku la bati, kalamu za tete, na kichwa kilichojaa nahau na fiqhi. Mama yangu alikuwa Mrundi wa Nyanza, hivyo Kirundi nilikuwa nacho tangu titi. Liwali Masudi, mzee mwembamba mwenye ndevu chache zilizochanwa vizuri, alinipa kazi siku ileile: niandike hukumu ya wavu uliopasuliwa. Niliketi nikaandika kama nilivyofundishwa, kwa utangulizi mrefu wa sifa, kwa sajii yenye vina, kwa dua. Nilipomsomea, alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema:

"Mwanangu, Mungu umemsifu vizuri. Mimi umenisifu kupita kiasi. Wavu uko wapi?"

Wavu nilikuwa nimeusahau. Tangu siku hiyo huanza na wavu.

Wino wetu tuliutengeneza wenyewe. Masizi ya chungu huchekechwa kwa kitambaa, yakachanganywa na gundi ya mgunga iliyolowekwa usiku kucha, kisha hukorogwa kwa kijiti mpaka mkono uchoke. Aliyechoka mapema aliandika kwa wino uliofifia mwaka haujaisha. Tete hukatwa kwa mshazari, na mchanga mkavu wa ufukweni ndio uliokausha maandishi. Nawaeleza haya vijana kwa sababu wao wamezoea wino wa chupa, na mtu anayenunua wino huandika maneno mengi kuliko anayeukoroga.

Baraza la Liwali halikuwa na mlango. Lilikuwa kibaraza cha nyumba yake, mikeka imetandikwa, kahawa inazunguka, na watu wote wakisema kwa mpigo. Waliingia na mbuzi aliyeshitakiwa, waliingia na mume aliyekimbia, waliingia wakati wa chakula wakakaribishwa na wakaendelea kushitakiana huku wakimega ugali wa muhogo. Sikuwahi kumwona Liwali akila chakula cha moto. Aliyeitamani ofisi ile aliitamani kwa kuwa hakuwahi kuikalia.

Lakini alikuwa na utaratibu mmoja ambao sijauona kwingine. Hakumruhusu mshitaki aanze kwa shauri lake. Alimwambia: "Sema ya mwenzako kwanza." Mtu alilazimika kueleza, kwa kinywa chake mwenyewe na mbele ya watu, madai ya yule anayemchukia, na yaelezwe vizuri mpaka mwenyewe akubali kwamba ndiyo hayo. Kisha mwingine naye hufanya vivyo hivyo. Kesi nyingi zilifia hapo. Nyingine zilirefuka mno, maana kuna watu ambao ni rahisi kumpa adui mbuzi kuliko kumpa haki ya maneno yake.

"Kwa nini usiwaache waseme yao, Bwana Liwali?" nilimuuliza. "Tungemaliza upesi."

"Yao wanayajua," alisema. "Hawakuja hapa kuyajua yao."

Miaka ilipita hivyo. Kisha Bwana Residenti alihitaji mkalimani anayesoma herufi za Kiarabu na za Kizungu, anayekijua Kirundi cha milimani na si cha sokoni tu, na mimi nikaitwa. Liwali alinipa kalamu yake mwenyewe ya tete, akanitahadharisha kwamba huko sitaitumia. Ilikuwa kweli.

Siku yangu ya kwanza kwenye boma niliifahamu nguvu kwa ukimya wake. Watu walikaa nje uani, wakuu wa milima kwa wachukuzi wa mizigo, na hakuna aliyenong'ona. Ndani kulikuwa na meza moja pana, saa, mhuri, na kalamu za chuma zilizopangwa kwa urefu wake. Mkalimani alisimama kushotoni, nyuma kidogo ya kiti, macho yakiwa ukutani. Bwana Residenti alikuwa mtu mrefu, mwangalifu, mwenye macho ya kukosa usingizi. Kiswahili chake kilikuwa kikavu na sahihi, kama hesabu. Aliniambia:

"Hapa maneno hayaongezwi wala hayapunguzwi. Ukiona nimekosea, tafsiri kosa langu vizuri."

Amri hiyo niliipenda, na ninaipenda hata leo. Nililelewa na walimu walioniadhibu kwa irabu moja. Mtu anayetaka maneno yake yafike kamili alikuwa ndugu yangu katika elimu, hata kama dini na rangi vilitutenga.

Na sasa mvuto. Mkalimani wa Residenti alivaa kofia yenye alama ya serikali. Watu ambao Rumonge walinisalimu kwa kidevu, sasa walinisalimu mara mbili, wakinipita na wakinirudia. Nililetewa mbuzi na wenye kesi. Niliwarudisha, na sifa ya uaminifu wangu ikaenea, ingawa sababu ya kwanza ilikuwa kwamba mbuzi hao walilia sana nikashindwa kusoma. Nililala mahali penye utulivu, nikala chakula cha moto. Neno lililotoka kwenye meza ile asubuhi lilikuwa limepanda mlima jioni, na mlima ulitii. Kijana yeyote angechagua hapo. Mimi mwenyewe, kama mngeniuliza miaka ile, ningewaonyesha kofia.

Kisha likaja jambo la Minago.

Maradhi ya malale yalikuwa yameshuka katika mwambao wetu. Huletwa na mbung'o, inzi anayekaa katika vichaka vya majini, na mtu akishaumwa sana husinzia mchana, akakonda, akasahau watoto wake, akafa. Daktari wa serikali alishauri vichaka vifyekwe, na watu wa vijiji vya ufukweni wahamishwe kwa muda wapande milimani mpaka pwani itakapokuwa salama. Residenti akatoa amri. Ilikuwa amri ya kuokoa roho za watu, na sitamsikiliza atakayesema vinginevyo. Wavuvi wa Minago walipangiwa kilima cha mutware Ntamagara, mkuu mmoja wa ukoo bora, tajiri wa ng'ombe, mwenye sauti nzuri na masikio mazuri zaidi.

Msafara wetu ukiwa njiani kwenda huko ulipumzika Rumonge. Nilikwenda kumsalimu Liwali, nikawakuta barazani kwake watu wawili wa Minago, mapacha wazima wenye mvi: Bukuru, mkubwa wa wavuvi, na dada yake Butoyi, mkaushaji wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, mwanamke mwenye ulimi ambao mji mzima uliuheshimu kwa mbali. Walikuwa wameweka mbele ya Liwali kikapu cha ndagala wakavu.

"Amahoro, Bwana Liwali," alisema Butoyi. "Usikatae. Si hongo, ni chakula."

"Nimekipokea. Semeni."

"Sisi hatukatai kuhama. Mbung'o tunaijua, imekula watoto ya watu. Lakini huko mulima iko na mwenyewe."

"Kila mlima una mwenyewe, binti yangu."

"Ee. Na sisi iko watu ya ziwa. Ziwa haina mwenyewe."

Bukuru, aliyekuwa mzito wa maneno, ndiye aliyeeleza. Katika milima ile, mtu anayelima ardhi aliyoipokea mkononi mwa mwenye kilima, mbele ya wazee, akapiga makofi ya kushukuru, huitwa mugererwa. Humlimia mwenye kilima pamoja na kujilimia, hupeleka pombe, hujenga ua wa bwana wake unapobomoka. Wanawe huzaliwa katika hali hiyohiyo, na hawaondoki bila ruhusa. Wavuvi wa Minago hawakuwa na bwana tangu enzi za babu zao. Na habari zilikuwa zimeshuka kwamba serikali imeleta majembe mapya, na kwamba kwa heshima yake Ntamagara atayagawa mwenyewe, kwa mkono wake.

"Tukipokea jembe ile," alisema Bukuru, "tumekwisha."

"Mtakataa?"

"Askari watatupiga. Tukipanda bila jembe, njaa. Tukibaki, malale." Alitazama mikono yake. "Ndiyo tumekuja."

Jioni ileile, kabla jua halijazama, Liwali alikwenda kwenye hema la Residenti. Nilisimama mahali pangu kushotoni. Bwana Residenti alimpa kiti na kumsikiliza kwa adabu, lakini Liwali alipofika kwenye neno la kilima, aliinua kidole.

"Liwali, wewe ni mkubwa wa mji. Mambo ya milima ni ya watware na Mwami. Nikikuacha wewe uingie kilimani, kesho mutware ataingia mjini kwako. Utapenda?"

"La, Bwana Mkubwa."

"Basi. Njoo kesho kama mgeni. Utawaombea dua."

Hapo, vijana wangu, mnaziona ofisi mbili uso kwa uso. Moja ilijua na haikuweza. Nyingine iliweza na haikuwa na nafasi ya kujua. Residenti hakusema neno baya. Alilinda mpaka, na mpaka ule ulikuwa wa haki. Tulipotoka, Liwali hakuniomba niongeze neno katika tafsiri ya kesho. Alijua kwamba nisingeongeza, na mimi nilijua kwamba ananijua. Alisema tu, akifunga kilemba chake:

"Mgeni naye huruhusiwa kuuliza."

Kesho yake tulipanda. Kilimani watu walikuwa wamekusanyika: Ntamagara katika kiti chake, bashingantahe, yaani wazee waamuzi wa kilima, wakiwa na fimbo zao, askari, na wavuvi wa Minago wameketi chini na vyungu na nyavu zao, wakiyapa kisogo maji yaliyoonekana mbali chini. Majembe yalilundikwa katikati, chuma kipya kinang'aa. Residenti alisema maneno machache kuhusu maradhi, nikayatafsiri. Kisha akamwashiria Ntamagara aanze kugawa. Ntamagara aliinuka, akachukua jembe la kwanza, akamtazama Bukuru.

Liwali Masudi, aliyekuwa amealikwa kwa dua tu, aliinua mikono kama anayetaka kuomba. Kisha akaishusha.

"Bwana Mkubwa, kabla ya dua, nina swali kwa mutware. Nisipojua ninaombea nini, dua itapotea njia."

Residenti alitikisa kichwa kukubali. Hakuna kiongozi anayeweza kumkataza mtu kuuliza dua yake iende wapi.

"Mutware," alisema Liwali, "niambie kwa kinywa chako. Ukishawapa hawa majembe, watakuwa nani?"

Ntamagara hakuwa mwongo. Hilo nalitaja kwa haki yake. Mbele ya bashingantahe, mtu wa cheo chake hasemi uongo. Heshima yake yote iko pale.

"Watakuwa watu wangu."

"Na watoto wao?"

"Mtoto wa mugererwa atakuwa nani tena?"

"Na maradhi yakiisha, wakatamani kurudi ziwani?"

Ntamagara akacheka, na cheko lake lilikuwa zuri. "Mtu hutoka kwa bwana wake kwa ruhusa ya bwana wake."

Nilitafsiri yote, pamoja na cheko kwa kusema kwamba amecheka. Bwana Residenti alilitazama lundo la majembe kama mtu aliyegundua kwamba barua aliyoitia mhuri ilikuwa na ukurasa wa pili.

"Sikuwaleta watu hawa kama zawadi," alisema hatimaye. "Majembe ni ya serikali. Nitayagawa mimi."

Alilichukua jembe mikononi mwa Ntamagara, kwa adabu, akaenda mwenyewe mpaka alipoketi Butoyi, aliyekuwa mbele. Butoyi hakunyoosha mkono. Alisema kwa Kirundi, ili wazee wasikie:

"Tukipokea kwako, tutakuwa watu wa nani?"

"Watu wa serikali."

"Serikali inakaa mlima gani, ili tujue pombe tuipeleke wapi?"

Wazee wakacheka, Ntamagara akacheka kuliko wote, na hata askari mmoja akageuka upande. Bwana Residenti aliniuliza wanacheka nini. Nikamtafsiria, bila kuongeza wala kupunguza. Hakucheka, lakini alilishusha jembe. Alikuwa mtu mwenye akili. Alikwisha jua kwamba watu wa serikali ndio wanaoitwa kwanza kubeba mizigo ya serikali, na alimwona mwanamke huyu naye analijua hilo.

Ndipo Liwali akasema kwa upole, kama anayezungumzia hali ya hewa:

"Bwana Mkubwa, serikali inaweza kuazimisha?"

"Kuazimisha?"

"Katika sheria yetu kuna kitu kinaitwa ariya. Namwazimisha jirani sufuria. Anapikia, sufuria ni yangu, naye ni yuleyule aliyekuwa jana. Hapigi makofi. Anachodaiwa ni kurudisha."

Residenti alifikiri. Kisha, mbele ya wote, akauliza kama jambo hilo lipo pia kwa Warundi. Mzee mkubwa wa bashingantahe alijibu kwamba lipo, tena mke wake hana mchezo nalo. Ntamagara aliona mlango unafungwa, akatia mguu.

"Majembe ni yao. Udongo ni wangu."

"Udongo ni wako," alisema Liwali. "Nao uwaazimishe. Maradhi ni jambo la kupita."

"Kuazimisha kuna mwisho, Liwali."

"Ndiyo uzuri wake."

Ntamagara alimtazama Residenti, akawatazama wazee, na alipopima pande zote mbili akakubali. Lakini aliweka sharti, nami nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu ndilo lililokuja kutusumbua: "Siku watakaposhuka, kila jembe lirudi kwa mwenyewe, mbele ya wazee hawa. Jembe litakalokosa kurudi, aliyelishika ni wangu."

"Haki," walisema wazee.

Ndipo Residenti akagawa, na kila mtu akapokea kwa mkono mmoja, kama anayepokea kitu kwa jirani, na hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa sijawahi kuona watu wakinyamaza kwa bidii namna ile.

Wakaishi kilimani. Nilipita huko mara kadhaa kwa kazi za serikali, nikamkuta Butoyi akilima vibaya na kulaumu udongo. Bukuru hakulaumu kitu. Maradhi yalikuwa yameshamwingia kabla hawajapanda. Alisinzia juu ya jembe lake, akazikwa kilimani, uso ukielekea upande wa maji. Majembe yalichakaa. Butoyi alipita nyumba hadi nyumba, na jembe likivunjika alikusanya vipande vyake, akavifunga kwa kamba ya gome. "Hata kutu," aliwaambia, "msiache kutu kwake."

Kisha vita vikaja. Wabelgiji walivuka, na serikali ya Wadachi ikaondoka, na meza, na saa, na mhuri. Bwana Residenti aliniaga kwa mkono. Aliniambia nimetafsiri vizuri. Nikarudi Rumonge na kofia ambayo hakuna aliyeisalimu tena, nikamkuta Liwali Masudi barazani kwake, bila cheo, kwa kuwa aliyempa cheo hayupo. Alikuwa anaamua kesi ya bata.

"Umepata kazi?" aliniuliza.

"Sina. Na wewe?"

"Mimi cheo kimeondoka, watu hawajaambiwa."

Haikuchukua muda. Pwani ilikuwa imefyekwa, wavuvi walitaka kurudi kwenye maji yao, na Ntamagara hakuwazuia kwa fimbo. Aliwazuia kwa sharti lake. Majembe yarudi kwa mwenyewe. Mwenyewe yuko wapi? Serikali iliyoazimisha imekimbia. Basi hayawezi kurudi, na aliyeyashika ni wake. Shauri lake lilikuwa zuri, na nasema hivi kama mtu aliyesoma mantiki.

Wote wakashuka kuja Rumonge: Butoyi na watu wake wamebeba majembe kichwani, vipande na mipini, na bashingantahe na fimbo zao, na Ntamagara mwenyewe, maana alitaka kuushuhudia ushindi wake. Hakukuwa na mamlaka yoyote mjini siku ile ya kumlazimisha mtu. Walikwenda barazani kwa sababu hapo ndipo walipozoea kwenda.

Liwali aliwapa kahawa. Kisha akasema lile alilolisema daima.

"Mutware, sema ya mwenzako kwanza."

Ntamagara, kwa sauti yake nzuri, alisema: "Yeye atasema hivi. Tuliazima mbele ya wazee. Tumetumia kwa uaminifu, hata kilichovunjika tumekileta. Ndugu yangu amezikwa kwenu na hakudai kaburi. Mwenyewe kuondoka si kosa letu. Tuacheni tushuke."

Liwali akamgeukia Butoyi. "Amesema vizuri?"

"Amenishinda mimi," alisema Butoyi. "Angelikuwa mwanamke, angeuza ndagala."

Watu wakacheka, na Ntamagara akashindwa kujizuia.

"Sasa sema yake."

Butoyi aliweka kikombe chini. "Yeye atasema, ahadi ni ahadi. Nilitoa udongo wangu nikiwa na haki ya kukataa. Nilisema majembe yarudi kwa mwenyewe, sikusema yarudi popote. Nikiachia hili, kesho kila mtu atarudisha kitu kichakani na kusema amerudisha."

"Amesema vizuri, mutware?"

"Hivyo hivyo," alijibu Ntamagara, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Wazee walijitenga, wakanong'onezana chini ya upenu, wakarudi. Mkubwa wao alisema: "Kitu kilitolewa mbele yetu. Kikirudi mbele yetu mkononi mwa aliyekuwa upande wa mwenyewe siku ile, kimerudi. Kama yupo."

Liwali Masudi alinitazama tu, na wote wakageuka kunitazama, nami nikaelewa kwamba katika mji ule, na pengine katika nchi nzima, mimi ndimi niliyesalia wa meza ile. Nilikuwa ulimi wake. Nilisimama. Kwa mazoea ya miaka, nilisimama kushotoni, nyuma kidogo ya mahali ambapo kiti kingekuwa.

Wakaja mmoja mmoja. Nilipokea kila jembe kwa mkono mmoja, nikaliweka chini. La mwisho lilikuwa la Bukuru, limelika mpaka limekuwa kama ulimi wa ng'ombe, mpini wake umefungwa kwa gome mahali mkono wake ulipokuwa ukisinzia. Butoyi alilishika kitambo kabla ya kuliachia. Hakupiga makofi, wala mimi sikupiga.

"Yamerudi," alisema mzee mkubwa.

Ntamagara aliinuka, akamaliza kahawa yake, akamwambia Butoyi kwamba kaburi la ndugu yake litafyekewa nyasi, kisha akaanza kupanda njia ya nyumbani. Watu wa Minago walikwenda moja kwa moja majini. Wengine waliingia na nguo zao.

Majembe yale yamo humu ndani, nyuma ya mlango. Wabelgiji hawajaniuliza. Liwali ananisihi niwape wahunzi, nami namwambia si yangu. Vijana wanaponiuliza ni ofisi ipi iliyokuwa kubwa, huwa wameketi karibu na majembe hayo, na mara nyingine mmoja husukuma lundo kwa mguu apate nafasi ya kunyoosha miguu.

Jana asubuhi kuna mtu aliniachia mlangoni kikapu cha ndagala, wabichi bado wanang'aa. Niliuliza ni nani, nikaambiwa ni mwanamke wa Minago, hakutaka kuingia, amesema si hongo, ni chakula.